Kibaba, Pishi na Minazi ya Wakfu: Siku Moja Katika Chekechea ya Kusini

Anayetaka kujua watoto wetu wanalelewa vipi, na asimame kwenye kivuko cha Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Feri inaposhusha mlango wake upande wa kisiwani, hutoka kwanza wenye mikokoteni na wachukuzi, kisha wafanyakazi wa bandarini, kisha hutoka watoto. Sisi tuliokuwa tukingoja kuvuka kwenda ng'ambo tuliwatazama wakipita ubavuni mwetu: sare za rangi zote, mikoba imewazidi migongo, wadogo wamesinzia mabegani mwa dada zao. Mmoja, ambaye kwa kumkisia hajatimiza miaka mitano, alikuwa akitaja namba za Kiingereza huku anatembea, moja hadi ishirini, akifika ishirini anaanza tena, kama mtu anayeleta uradi. Mama yake alimshika mkono na kumsahihisha bila kumtazama. Tulidhani ni mchezo wao wa njiani, hata tuliposikia akimwambia kwamba akikosea tena leo hatapita mtihani.

Safari yetu ilitokana na swali. Akina mama wa darsa ya Jumamosi walituuliza kama yafaa kumtia mtoto katika chekechea ambamo hacharazwi, hapewi kazi ya kuandika nyumbani, na muda mwingi wa asubuhi hucheza. Wengine walikuwa wamesikia habari za vyuo vya namna hiyo huko kusini mwa pwani, vijijini, na wakataka kujua ni elimu au ni kupoteza wakati. Swali la namna hii halijibiwi kwa kitabu peke yake. Tukaona bora tuende tukajionee, tukae na walimu na wazazi, kisha tuwaletee wenzetu habari.

Jambo lenyewe si geni hapa kwetu kama vijana wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani waliona jinsi watoto wetu walivyokuwa wakibaki nyuma katika skuli za serikali, wakalifikisha suala hilo kwa Aga Khan na kuomba msaada. Katika mazungumzo hayo ndipo ulipozaliwa mpango wa madrasa za awali: chekechea ndani ya madrasa, ambamo Kur'ani na adabu zinakwenda sambamba na kujifunza kwa mikono. Mzigo wa mwanzo ulibebwa na mwalimu wa kike, Bi Swafiya Said, aliyekwenda kukaa na wazee na akina mama mitaani na vijijini, na kuwafunza wanawake wa papo hapo kazi ya ualimu. Mpango ulipoonekana kushika mizizi Mombasa ulipelekwa Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Sisi wakati ule tulikuwa vijana wa chuoni, na tunakumbuka wazee wakiulizana barazani, chuo kitachanganywaje na mchezo?

Mtindo uliofuatwa ulichukua mengi kutoka Michigan, Marekani, ambako tangu miaka ya 1960 walimu walikuwa wakiwafundisha watoto wa mafukara kwa utaratibu wa hatua tatu. Asubuhi mtoto husema anataka kufanya nini, kisha hukifanya, kisha husimulia alichokifanya. Kabla ya hao alikuwapo daktari wa Kitaliano, Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, akawatengenezea viti vya kimo chao na vyombo vya kushika kwa mikono yao. Jina la mama huyu leo limeandikwa katika kuta nyingi za mji wetu. Tumepita mbele ya chekechea moja yenye jina hilo kwa herufi za rangi, ukutani kachorwa bata aliyevaa kofia, na ndani watoto hamsini wamekaa safu kwa safu wakiimba herufi, mwalimu kashika rula. Jina halina mwenye kulilinda.

Tulivuka. Matatu ya Lunga Lunga ilitupitisha Ngombeni, Tiwi, na Ukunda iliyokwisha kuwa mji mkubwa, na baada ya hapo barabara ikapungua magari na minazi ikaongezeka. Tulipita njia panda ya Gazi, pale alipokaa Mbaruk bin Rashid kabla ya kupigana na Waingereza mwaka 1895, na ambapo leo wanakijiji wanaitunza mikoko na kuuza hewa yake safi kwa watu wa nchi za mbali, pesa zikaingia katika maji na vitabu vya skuli. Mbele ya Msambweni tulishuka, tukapanda bodaboda, tukaingia njia ya mchanga. Kijiji tulichofikia hatutakitaja, kwa kuwa mambo yake bado hayajatulia na watu wake ni watu wa kuheshimiwa.

Chekechea ni jengo moja la mawe ya matumbawe, paa la mabati, kando ya msikiti, mbele yake mkwaju mkubwa. Hakuna dawati hata moja. Sakafuni mna mikeka, na chumba kimegawanywa pembe pembe. Pembe moja ni jikoni: mbuzi ya kukunia nazi, kawa, kinu kidogo na mchi wake, vifuu vilivyosuguliwa vikawa laini. Pembe ya pili ni duka, lina makopo matupu, mizani ya kamba na vijiti, na vifuniko vya soda ndiyo fedha. Ya tatu ina vipande vya mbao vilivyoombwa kwa seremala. Ya nne ina vitabu vichache, vingine vimeshonwa kwa uzi na mwalimu mwenyewe, picha zimekatwa magazetini. Karibu na mlango pana vyano vitatu vilivyojazwa mchanga mweupe wa ufukweni, na humo ndimo watoto huandika alifu na bee kwa kidole, wakikosea huutikisa mchanga, kosa likapotea. Tulipoviona vyano hivyo tuliukumbuka ubao wa chuoni, wino wa masizi na kalamu ya tete, na namna tulivyokuwa tukiuosha ubao kila tulipokwisha hifadhi. Aliyesema kwamba mambo haya yametoka ng'ambo yote, hakuangalia vizuri.

Asubuhi ilianza kwa watoto kukaa duara, wakasoma Fatiha na dua, wakaimba. Kisha mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akamwuliza kila mmoja anakwenda pembe gani na kufanya nini. Hakuwahimiza. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, alikaa kimya muda mrefu hata sisi tukaanza kuona tabu kwa niaba yake. Mwalimu alingoja. Mwishowe mtoto akasema, "Mashua," akaenda kwenye mbao. Tuliambiwa baadaye kwamba miezi miwili ya mwanzo hakusema neno lolote mle ndani.

Lakini lililotushughulisha zaidi siku ile lilikuwa dukani. Msichana mmoja wa miaka mitano alikuwa akiuza mchanga kama mchele. Alikuwa na kopo kubwa na kopo dogo, na mnunuzi wake, mdogo kuliko yeye, alitaka pishi. Muuzaji akajaza kopo dogo, akamimina katika kubwa, halikujaa. Akarudia. Mara ya nne kopo kubwa likafurika kidogo, akaupangusa mchanga wa juu kwa kiganja, kama wafanyavyo wenye maduka. Kisha akasimama kama aliyeitwa. Akamwaga wote, akaanza upya, safari hii akihesabu kwa sauti. Vinne. Akamwaga tena, akamwita mwenzake aje aone, vikawa vinne. Mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake na hakusema lolote mpaka mtoto mwenyewe alipomgeukia na kumwambia, "Mwalimu, pishi hula vibaba vinne!"

Msomaji atatusamehe tukikaa hapa kidogo. Katika mlango wa zaka ya fitri tunasomesha kwamba kila kichwa hutolewa saa moja ya chakula, na saa ni midi nne. Na hapa pwani pishi na kibaba ndivyo tulivyozoea kutajia vipimo hivyo. Tumewasomesha watu wazima jambo hili miaka mingi, nao hulikariri na kulisahau kabla ya Ramadhani nyingine. Tulimwuliza yule msichana, "Mwanangu, nyumbani kwenu mko wangapi?" Akahesabu kwa vidole: baba, mama, bibi, ndugu watatu, na yeye. "Saba." "Kila mtu akipewa pishi moja, mtajaza vibaba vingapi?" Hakujibu. Alikwenda kuleta vifuniko vya soda, akavipanga vinne vinne mkekani, mafungu saba, akavihesabu kimoja kimoja. Alipotea njiani mara mbili akaanza tena. Uji ulipoitwa alikuwa bado hajamaliza, akakataa kwenda. Ishirini na nane alikuja kutuambia sisi chini ya mkwaju, uji wake ukiwa umepoa.

Mwalimu alitueleza kazi yake wakati watoto wakicheza nje. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa, akaachika na watoto wawili, akarudi kwao. Wakufunzi walikuwa wakimjia kijijini, wakikaa naye darasani, wakimwonyesha, wakirudi tena baada ya wiki mbili kuona amefanya nini. "Kugumu si kufundisha, shekhe," alisema. "Kugumu ni kunyamaza. Mtoto anakosea mbele yako, mdomo unakuwasha, nawe huna budi umwache alione kosa lake." Tulimwuliza kuhusu henzirani. Akacheka, akasema mwaka wa kwanza wazee wawili walimletea, wameichonga vizuri na kuitia mafuta, wakidhani hana fedha za kununua. Aliipokea kwa heshima, akaifanya fimbo ya kupimia urefu; mpaka leo iko ukutani, imetiwa alama za rangi, na watoto hujipima kwayo kila mwanzo wa muhula.

Serikali ilikwisha kataza kuwapiga watoto skulini tangu mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaja kuufunga zaidi mlango huo. Lakini si sheria ya serikali tu. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake aliandika mlango mzima juu ya madhara ya kuwakazia wanafunzi, namna ukali unavyomfunza mtoto uwongo na hila. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliwausia walezi wamruhusu mtoto kucheza baada ya chuo, akaonya kwamba masomo yasiyo na pumziko huufisha moyo. Na katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh, kwamba wakiwafungisha watoto wao saumu ya Ashura waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufi, mtoto akilia njaa wakampa. Hawa walikuwa masahaba wa Mtume (s.a.w.), nao hawakuona kwamba ibada na kitu cha kuchezea ni maadui.

Upo pia ushahidi wa watu wa utafiti. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha uchunguzi wao juu ya madrasa hizi za awali za Afrika Mashariki. Waliwalinganisha watoto wake na waliosoma chekechea nyingine, na wale waliobaki nyumbani. Waliosoma popote waliwazidi waliokaa nyumbani, na wa madrasa hizi wakawazidi wenzao wote katika vipimo vya akili walivyotumia.

Hayo ndiyo mazuri, na tungeweza kurudi Mombasa na hayo tukawafurahisha walioyapenda. Lakini mikekani tuliwahesabu watoto kumi na tisa, na mwalimu alitwambia kwamba miaka mitatu nyuma walikuwa arubaini na wawili. Kilomita nne kutoka pale, barabarani, imefunguliwa akademia ya mtu binafsi. Ina basi dogo la manjano linalokuja mpaka mkwajuni kuchukua watoto, sare ya tai, na sherehe ya mwisho wa mwaka ambapo watoto wa miaka sita huvishwa majoho na kofia za chuo kikuu. Ada ni mara nne ya pale kijijini. Na upande wa pili kaunti, ambayo kwa Katiba ndiyo yenye jukumu la elimu ya awali, ina chekechea yake ya bure katika kijiji jirani. Mwalimu wetu alikuwa hajalipwa miezi mitatu.

Baada ya Alasiri palikuwa na mkutano wa wazazi, na kwa kuwa tulikuwapo tukakaribishwa. Wanaume walikaa kwenye viti na mashina, wanawake mikekani upande wa pili wa mkwaju, karibu kiasi cha kusikiana bila kupaza sauti. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole, alieleza shauri lililoletwa: chekechea igeuzwe. Yaletwe madawati, masomo yawe kwa Kiingereza, watoto wapewe daftari na kazi za nyumbani, ada ipandishwe kutoka shilingi 300 hadi 800 kwa mwezi ili mwalimu alipwe na mwingine aajiriwe. Wasipofanya hivyo, wazazi kadhaa wamesema watawaondoa watoto wao Januari.

Baba mmoja kijana, mwendesha bodaboda, alisimama na kusema bila kuficha: "Mimi nalipa mia tatu mtoto acheze? Kucheza nyumbani ni bure." Watu walicheka, naye hakucheka. Akaendelea kusema kwamba kaka yake anakaa Ukunda, na mtoto wake, umri mmoja na wa kwake, anaandika jina lake na kuhesabu hadi mia. Wakikutana sikukuu, wa kwake hutazama chini. Na kwamba skuli za binafsi za mjini zinawafanyia watoto mtihani kabla ya kuwapokea gredi ya kwanza, wawe wamekatazwa au hawakukatazwa. "Mimi sikusoma, wazee wangu. Sitaki mtu aje kumwuliza mwanangu kitu akose la kusema."

Hatukuona ni maneno ya kubezwa. Mtu huyu hashindani na jirani yake kwa majivuno. Anaogopa, na ana sababu ya kuogopa.

Mama mmoja naye akasema lililokuwa zito zaidi. Mwanawe alitoka katika mikeka ile ile akiwa mchangamfu, akaingia gredi ya kwanza katika skuli ya serikali, darasa la watoto zaidi ya themanini na mwalimu mmoja. Amezoea kuinuka na kuuliza. Akiinuka huambiwa kaa. Muhula wa pili akaanza kusema tumbo linamuuma kila Jumatatu. "Mwalimu, wewe ulimfunza kusema," alimwambia mwenye chekechea, wala hakusema kwa ugomvi. "Huko alikokwenda hawataki aseme. Sasa mimi nifanye nini?" Mwalimu aliinamisha kichwa na hakupata la kumjibu, nasi pia hatukuwa na jibu.

Aliyefuata alikuwa mama karanga, mmoja wa wale wanaonunua samaki ufuoni na kuwakaanga wa kuuza, mikono yake bado inanuka mafuta. Ana watoto wawili waliopita njia mbili. Wa kwanza alisoma hapa, yuko gredi ya sita, na jioni ndiye anayemfanyia hesabu za madeni ya samaki, tena akishuku humrudisha mteja wakahesabu upya. Wa pili alimpeleka kule kwenye basi la manjano, biashara ilipokuwa nzuri. Anajua Kiingereza kumshinda kaka yake. "Na huyo wa pili nampenda vile vile," akasema, "lakini nikimwambia lete sahani tano kwa wageni watano, huniuliza kama ni kazi ya nyumbani." Safari hii hata yule wa bodaboda alicheka.

Ndipo mzee mmoja akasema, shekhe yupo, na atuambie dini inasemaje. Tulimwambia kwamba dini haikutuwekea madawati wala mikeka, na Kiingereza si dhambi. Tukawasimulia habari ya Bibi Rubayyi' na vichezeo vya sufi, na upande wa wanawake walitikisa vichwa. Kisha tukauliza jambo lililokuwa likitusumbua tangu asubuhi: jengo na mwalimu vililipiwa na nini hapo nyuma, kabla ya ada?

Wakatazamana. Jibu lilikuwa limezunguka chekechea lenyewe. Bibi mmoja wa mji ule, aliyefariki bila mtoto, aliiweka wakfu minazi yake arubaini. Nazi zikiuzwa, mwalimu alilipwa. Minazi imezeeka, mingine imekufa, na waliopewa kuiangua wamekuwa wakitoa hesabu wanavyotaka. Tukaomba kuona hati. Ilichukua muda, ililetwa na mjukuu wa shahidi, imefungwa kwa kitambaa, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri ya mtu aliyezoea kalamu. Tuliisoma mara mbili kwa sauti. Bibi yule alishurutisha kwamba mavuno ni ya kuwasomesha watoto wa mji, na akataja kwa jina la jumla wasiokuwa na kitu kwanza.

Hapo suala liligeuka. Katika wakfu, shuruti ya mwenye kuweka hufuatwa madhali haipingani na sheria. Kutumia mavuno ya minazi ile kujengea darasa ambalo ada yake itawatoa watoto wa mafukara, tuliwaambia, hakutafaa. Madawati wakitaka, na wayanunue kwa mali nyingine. Ada wakitaka kupandisha kwa wenye uwezo, na waipandishe, lakini mtoto asiye na kitu hawezi kuondolewa katika nyumba aliyowekewa yeye. Mwenyekiti alikuwa kimya. Yule kijana wa bodaboda aliuliza, "Kwa hiyo wa kwangu yumo?" Tukamjibu kwamba yumo kuliko sisi sote tuliokaa pale.

Hawakukubaliana juu ya kila kitu. Waliamua hesabu ya nazi iletwe mbele ya kamati kila mwezi, na wanawake wawili wawemo katika kamati hiyo, mmoja wao mama karanga. Waliamua minazi michanga ipandwe mvua za masika. Mwalimu alikubali kwamba watoto wa mwaka wa mwisho, muhula wa tatu, wapewe saa moja ya penseli na daftari kila siku, na kwamba hesabu na majina ya vitu wayajue kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakukubali madawati, wala kazi za nyumbani kwa watoto wa miaka minne, na alisema likilazimishwa hilo wamtafute mwengine. Baba mmoja aliondoka kabla ya mwisho, bila kuaga. Suala la miezi mitatu ya mshahara liliahirishwa, jambo ambalo halikutupendeza, na tulilisema.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi mwenyekiti alipofungua daftari lake na kuwaita wazazi waandikishe majina ya Januari. Mwalimu alikuwa amesema wazi kwamba chini ya ishirini hataweza kuendelea, kwani hata nazi zikilipa, uji hautalipika. Mama wa yule mtoto wa gredi ya kwanza alikuwa wa mbele, akamwandikisha mdogo wake. Wa bodaboda alisogea, akasimama nyuma ya mstari, akatoka, akarudi. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa majina yalikuwa kumi na moja na lake halikuwamo.

Tuliswali nao, tukapata matatu ya mwisho pale barabarani. Wiki iliyopita mwenyekiti alitupigia simu kuuliza jambo la mirathi, na mwishoni tukamwuliza habari za daftari. Kumi na sita, alisema. Mmoja wao ni wa yule kijana, aliyekuja usiku, peke yake, na kuuliza kwanza kama yule msichana wa vibaba atakuwapo bado.